Mchanga ninao mlangoni, baiskeli ya mashindano sina

Barua

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Mjimwema, sasa naishi Kibada, hapa hapa Kigamboni, na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini, kwa hiyo kila siku ya kazi navuka kwa feri. Baiskeli ninayo: mtumba wa Japani, ya gia, tairi nene. Niliinunua Kariakoo ili niache kulipa bodaboda ya kwenda kivukoni, na kwa hilo imenisaidia sana.

Mwaka jana nilijiunga na kundi la watu wanaoendesha Jumamosi alfajiri kwenye barabara ya Bagamoyo. Wenzangu wana zile baiskeli nyembamba za barabarani. Mimi nilikuwa naachwa kabla hatujafika Tegeta, na siku moja mmoja wao akasema mbele ya wote kwamba baiskeli yangu ni ya kubebea mkaa. Walicheka. Sikurudi tena.

Ila mapenzi ya baiskeli hayakuisha. Nilifuatilia kwenye simu mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, na baada ya hapo simu ikawa inaniletea video za kila aina ya mbio. Ndipo nikakutana na saiklokrosi. Dada, sijawahi kuona mchezo ulionishika hivi. Watu wanazunguka kwenye majani na matope, wanashuka mbioni wanaruka mbao, wanapandisha ngazi na baiskeli begani, halafu wanazama kwenye mchanga na kuibuka upande wa pili. Nikasema moyoni, mchanga? Huo si ndio nilioanzia kutembea?

Tatizo langu ni hili. Binamu yangu aliyeko Antwerp, Ubelgiji, amenitafutia baiskeli halisi ya mchezo huo, iliyotumika. Pamoja na usafiri na ushuru anakadiria shilingi milioni tatu, na anataka jibu mwisho wa mwezi. Pesa ipo kwenye kikoba, tutagawana hivi karibuni, lakini mimi na mke wangu tulikubaliana ni ya kupiga ripu nyumba. Sijamwambia habari ya baiskeli.

Halafu hapa Dar sijaona mashindano ya mchezo huu wala kocha. Nilijaribu mwenyewe kushuka baiskeli ikiwa inakwenda, nikaanguka mbele ya watoto wa jirani, goti likachubuka vibaya. Nikajiuliza kama umri umenipita. Na nikisema ukweli, naogopa kuwa wa mwisho tena.

Ninunue ile baiskeli? Nianzie wapi? Na binti yangu anasema naye anataka. Nimkubalie?

Wa Mchangani, Kibada

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole ya goti. Kidonda kisafishe kwa maji mengi na sabuni, na kama hukumbuki lini ulichomwa chanjo ya pepopunda, pitia zahanati. Nimeanza na hilo kwa sababu mchezo unaoutaka utakuchubua tena, na udongo wa mitaani kwetu si msafi.

Baiskeli ya Antwerp usiinunue. Mshukuru binamu yako na umwambie aiache. Mkeo mwambie jioni hii hii kwamba wazo hilo lilikujia na umeliweka pembeni. Pesa ya kikoba mliiweka wawili kwa ajili ya kuta zenu. Ukiitoa kimyakimya, kila utakapoigusa baiskeli ile nyumbani patakuwa na kinyongo, na hutapata hata Jumapili moja ya mazoezi yenye amani. Ukimaliza mwaka bado unaupenda mchezo huu, mtautengea fungu lake kwenye mzunguko unaofuata wa kikoba, naye akiwa amekubali.

Hata ungekuwa na milioni kumi zisizo na kazi, bado ningekujibu hivyo hivyo. Saiklokrosi inajifunzwa kwa miguu kwanza. Kinachomtenganisha anayeanza na aliyekomaa ni namna anavyoshuka, anavyobeba na anavyodandia tena bila kusimama, na hayo yote unaweza kuyajifunza kwenye baiskeli uliyonayo, kwenye mchanga ulio nje ya mlango wako.

Huu mchezo haukuanza na baiskeli maalumu. Ulianzia Ufaransa, kwa waendeshaji wa barabarani waliokuwa wakikatiza mashamba, vichaka na mitaro wakati wa baridi ili miili isilale hadi msimu urudi. Mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau, akaupangia mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France mwaka 1910, alisema mazoezi haya ya majira ya baridi yalimsaidia, na tangu hapo watu wakauchukulia kwa uzito. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na aliyeshinda, Jean Robic, ni yule yule aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka 1947. Watu hawa waliendesha palipoendesheka, na pasipoendesheka wakabeba.

Nikupe na sababu ya kifundi, maana najua moyo wako bado uko Antwerp. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, linataka tairi la mashindano ya saiklokrosi lisizidi upana wa milimita 33. Wakubwa wanalimudu kwa kuwa wana nguvu nyingi na wamezoea tangu utotoni. Wewe unayeanza, kwenye mchanga mkavu wa Kibada, tairi jembamba namna hiyo litazama na kukutupa. Hilo tairi lako nene litaelea na kukupa nafasi ya kujifunza. Ulaya na Marekani mbio nyingi za ngazi ya chini humruhusu anayeanza aje na baiskeli ya mlimani, mradi usukani usiwe na zile pembe za kuchomoza mwishoni. Nilipokuwa nasoma Gent, huko Ubelgiji, nilianza hivyo, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Kwa hiyo ipeleke baiskeli yako kwa fundi. Atoe keria, stendi na madigadi. Atoe pia kile kishikio cha chupa kilichofungwa ndani ya fremu, maana ndipo bega lako litakapopita. Breki ndizo usizozifanyia ubahili: mpira mpya mbele na nyuma, waya mpya kama za sasa zina kutu. Mnyororo ukiwa umelegea abadilishe. Pedeli zako za kawaida zinatosha, mradi zina meno ya kushika raba. Hizo pedeli za kunasa kiatu achana nazo kwa sasa. Nunua helmeti, na glovu kama zipo. Baiskeli yako imekamilika.

Sasa tuje kwenye ule mchubuko. Nadhani najua kilichokuangusha, kwa sababu huwaangusha karibu wote: ulijaribu kushuka kwa mwendo wa kasi, mkono ukiwa bado umeikamata breki ya mbele kwa nguvu. Tutaanza polepole mno, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenye uwanja wenye majani.

Tunashukia upande wa kushoto, kwa kuwa mnyororo uko kulia, na meno ya gia yakikupata kwenye muundi utayakumbuka. Ukiwa unakwenda, simama juu ya pedeli, ya kushoto ikiwa chini. Mguu wa kulia uvushe nyuma ya siti uje kushoto, kwa hiyo kwa sekunde moja umesimama kwa mguu mmoja juu ya pedeli, baiskeli ikiteleza. Mkono wa kulia utoke kwenye usukani ushike bomba la juu la fremu. Mguu wa kulia ukitangulia kugusa ardhi, wa kushoto unaachia pedeli na unakuwa tayari unakimbia. Hiyo sekunde ya mguu mmoja ndiyo inayowatisha watu. Ifanyie kazi peke yake kwanza: simama kwa mguu mmoja kwenye pedeli, teleza, kisha urudi kwenye siti bila kushuka. Ukiona haikutishi tena, ndipo ushuke.

Kudandia ni kugumu kidogo, hasa kwa wanaume, na hofu yao inaeleweka. Siri ni kwamba hurukii juu, unarukia mbele. Ukikimbia kando ya baiskeli, mikono yote miwili kwenye usukani, jisukume kwa mguu wa kushoto, na utue kwa upande wa ndani wa paja la kulia, halafu uteleze hadi katikati ya siti. Ukitua kwa paja hakuna kinachoumia. Ukiruka juu na kutua katikati moja kwa moja, utaona nyota saa nne asubuhi. Mwanzoni utajikuta unapiga kihatua kifupi cha ziada kabla ya kuruka. Kila anayeanza anacho, na kinaondoka chenyewe.

Vizuizi vya mashindano ni mbao zisizozidi sentimita 40 kwenda juu, mara nyingi mbili zikifuatana. Wewe anza na bomba la plastiki au kijiti kilicholazwa juu ya matofali mawili, chepesi cha kuanguka ukikigusa. Usitumie kitu kilichochimbiwa ardhini. Kwa vizuizi unanyanyua baiskeli kwa bomba la juu tu na kuishusha taratibu, isidunde. Kwa ngazi au mwinuko mrefu ndipo unaivalisha begani: mkono wa kulia unapita ndani ya fremu na kukamata usukani upande wa kushoto, ili gurudumu la mbele lisikupige usoni. Kigamboni kwetu ni tambarare, lakini ukiwa na siku ya kwenda upande wa Pugu au kwenye miinuko ya Mlimani, chuo kikuu, tafuta kilima kifupi ukipandishe mara chache ukiwa umebeba. Msitu wa hifadhi usiuingie bila kuomba ruhusa ya wanaousimamia.

Kuhusu mchanga nina mengi, maana hapo ndipo ulipo na faida ambayo wengi wangeilipia. Wabelgiji wana mji wa pwani unaoitwa Koksijde, wenye vilima vya mchanga kando ya Bahari ya Kaskazini, na mashindano ya dunia yamefanyika pale mara mbili, 1994 na 2012. Mwendeshaji mwenye nguvu za kutisha kwenye majani, akifika kwenye ule mchanga unamwona anababaika na kushuka. Watu husafiri na magari kutoka mbali kwenda kuutafuta ili wafanye mazoezi. Wewe unaukanyaga ukienda dukani.

Kasi unaipata kabla ya mchanga. Ukishaingia huwezi kuiongeza, unaweza kuilinda tu. Kwa hiyo mita kumi kabla ya kuingia, kanyaga kwa nguvu na uchague gia nyepesi kidogo kuliko moyo unavyokutuma, kwa sababu ndani ya mchanga ukibadilisha gia mnyororo utakoroma na mwendo utakufa. Rudisha makalio nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Mikono ilegee. Usukani utayumba, uache uyumbe, baiskeli ipite inavyotaka kama ngalawa kwenye wimbi dogo. Ukiulazimisha unyooke, gurudumu linazama na wewe unapita juu yake. Macho yawe mwisho wa mchanga, na kama kuna mfereji uliochimbwa na tairi za waliotangulia, ufuate huo. Miguu izunguke bila kukatiza, hata polepole. Mwendo ukishuka kuwa chini ya mwendo wako wa kukimbia, shuka ukimbie. Wanaoanza wanang'ang'ania juu hadi baiskeli isimame kabisa, na kuanzia pale kunawachosha mara tatu.

Upepo wa tairi upunguze. Ukibonyeza kwa dole gumba tairi libonyee kidogo, lakini ukikaa juu yake rimu isiguse ardhi. Kwa kuwa tairi zako zina tyubu, ukizidisha kupunguza, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe na inatoboka matundu mawili sambamba. Anza na upepo mwingi, upunguze kidogo kidogo kila siku ya mazoezi, hadi upate pale panapokufaa kwa uzito wako. Pampu ya mkononi, kibandiko na gundi usiviache nyumbani, kwa sababu wakati wa kiangazi viwanja vyetu vimejaa mbigili.

Ufukweni chagua saa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga mnyevu unakuwa mgumu kama lami na hautakufundisha kitu, ila ni mzuri kwa kupasha mwili. Somo liko juu, kwenye mchanga mkavu ambao maji hayafiki. Ila chumvi ni adui mkubwa wa baiskeli. Siku ukigusa maji ya bahari, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ifute, mnyororo utie mafuta. Ukilala nayo hivyo, asubuhi kutu imeanza. Mimi ningefanya mazoezi mengi kwenye vichochoro vya mchanga vya mtaani kwenu, na ufukweni mara moja moja tu.

Matope nayo yana neno langu la ukali. Wakati wa masika utatamani kuyajaribu, na ni haki yako, lakini chagua matope. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye kiwanja safi cha majani, sawa. Bonde la Msimbazi, Jangwani, mitaro ya mitaani na popote ambapo vyoo hufurika, usiingize baiskeli wala goti lililochubuka. Kipindupindu kinakaa humo, na madimbwi ya maji yasiyo na chumvi yanaweza kuwa na kichocho. Hakuna zoezi linalostahili hilo.

Halafu joto. Msimu wa mchezo huu huko Ulaya ni Septemba hadi Februari, wakati watu wanatoa mvuke mdomoni. Mashindano ya wakubwa wa kiume huchukua kama saa moja, na kwa muda wote huo moyo unapiga karibu na kikomo chake. Mwili unaweza kuvumilia hivyo kwa sababu hewa ya baridi inaupoza. Dar ya Januari na Februari haipozi kitu. Mazoezi makali yaweke Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, na hata hapo uanze saa 12 asubuhi. Miezi ya joto fanya ufundi tu: kushuka, kudandia, mchanga, kwa utulivu, ukipumzika kivulini kati ya zamu. Ukiwa juani ukasikia kichefuchefu, kizunguzungu, au ngozi ikasisimka kama una baridi, umekwisha kuzidisha. Kaa kivulini, jimwagie maji, siku hiyo imeisha.

Siku mbili kwa wiki zinakutosha. Moja ya ufundi, nusu saa hadi dakika 45. Nyingine ya kukimbiza moyo: chora mzunguko mdogo wa dakika tatu hivi, uwe na majani, kona kali, kizuizi kimoja na kipande cha mchanga, uzunguke kwa nguvu mara mbili, pumzika hadi uweze kuongea vizuri, rudia. Safari zako za kivukoni zinakujengea pumzi bila kujua. Kama kuna siku ya tatu, kimbia kwa miguu mchangani.

Mashindano, sasa. Kalenda kubwa ya mchezo huu iko Ulaya na Marekani, na ukiisubiri ifike Kigamboni utazeeka. Yaanzishe mwenyewe, madogo. Mwombe ruhusa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mwalimu mkuu kama uwanja ni wa shule. UCI inataka njia yenye urefu wa kilomita 2.5 hadi 3.5 kwa mzunguko, upana usiopungua mita tatu, na angalau asilimia 90 iwe inaendesheka. Wewe mita 600 zinatosha, lakini upana huo uuheshimu ili watu wapitane bila kugongana. Funga utepe kwenye vijiti, epuka kona inayoelekea mti au mfereji. Mbio ziwe za muda: dakika 20, na anayeongoza akianza mzunguko wa mwisho, mtu apige kengele. Aliyezungukwa naye anamalizia pale pale mwenye uongozi anapomalizia. Ndivyo wanavyofanya hata huko kwa wanaoanza, na inawafanya wote wamalize pamoja.

Waalike vijana wa bodaboda wenye baiskeli nyumbani, wauza maji, walimu, yeyote. Watu watano tu ni mbio. Mkishakuwa kundi linalokutana kila mwezi, peleka habari zenu Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, mkiwa na kitu cha kuonyesha. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wameendesha mashindano makali kwa baiskeli zile zile za kubebea mizigo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewaambia wasubiri baiskeli za kaboni kutoka nje.

Na alikuwa wapi huyo aliyekucheka, wakati baiskeli za mizigo zinashindana Shinyanga? Alikukosea, tena mbele za watu, na uliumia. Lakini umechukua hukumu ya barabara ya lami ukaibeba hadi kwenye mchezo mwingine kabisa. Barabarani, ukiachwa na kundi umeachwa, unabaki peke yako na upepo. Kwenye saiklokrosi kundi linavunjika ndani ya dakika chache za mwanzo, kila mtu anabaki anapambana na aliye mbele yake kidogo na aliye nyuma yake kidogo. Wa nafasi ya arobaini ana mbio zake za kweli na wa arobaini na moja. Kuzungukwa na wenye kasi ni jambo la kila wiki. Wakubwa ndio wenye sheria ya kumtoa njiani anayeachwa kwa asilimia 80 ya muda wa mzunguko, na hata hao wanaotolewa ni waendeshaji wa ngazi ya juu. Utakuwa wa mwisho siku fulani, mdogo wangu, na watu watakushangilia kwenye mchanga kwa sauti kuliko wanavyomshangilia wa kwanza. Nimeyaona hayo, na nilikuwa miongoni mwa walioshangiliwa.

Umri haujakupita. Ulaya kuna madaraja ya watu wa miaka 35, 45, 60 na zaidi, na kwenye ufundi wa kushuka na kudandia wazee wanawashinda vijana wengi. Muda wa kupona ndio utakaokuwa mrefu. Kama goti linauma ndani na si kwenye ngozi, au limevimba, usikimbie nalo hadi daktari alitazame.

Binti yako mkubalie, tena kwa moyo wote. Mashindano ya dunia ya saiklokrosi ya wanawake yalianza mwaka 2000 tu, na Marianne Vos wa Uholanzi ameyashinda mara 8, ya kwanza 2006 na ya nane 2022. Mwonyeshe video zake, aone mwanamke akiruka mbao zile zile. Wakati wa kumfundisha, siti ishushwe hadi nyayo zote mbili ziguse ardhi, na mbao ilale chini kabisa, asiwe na cha kuruka, awe na cha kuvuka tu. Aanze kwa kukimbia kando ya baiskeli akiisukuma, kisha kubeba, kupanda kuje mwishoni. Akichoka acheni, hata kama wewe hujachoka. Mama yake naye mwombeni ashike saa na kengele siku ya mzunguko wenu wa kwanza. Na helmeti ya mtoto inunue kabla hujajinunulia chochote, uipime kichwani mwake pale dukani: ikae sawa juu ya paji la uso, mkanda ukifungwa upitishe vidole viwili chini ya kidevu, si vitatu.